Jinsi Machibya Alivyoiokota Chaki Mbele ya Mama Mkwe

Njooni, enyi wa Buswelu na enyi wa Ilemela yote hadi ufukweni, nanyi mnaokwenda Kisesa zimeni pikipiki zenu. Wekeni simu chini, mtoto anayelia anyonyeshwe, kwani nataka kuwasimulia vita kuu iliyopiganwa Jumamosi alasiri katika ukumbi wa kanisa, vita isiyomwaga damu ila vumbi la chaki. Na atakayenikatiza nitaanza upya, mimi Josephat, niliyeyaona yote kwa macho yangu mawili kutoka dawati la tatu.

Shujaa ni Machibya mwana wa Chenge, mbeba-makreti, mshinda-baridi, aliyetumikia miaka tisa katika ghala la minofu ya sangara, akiinua barafu asubuhi na kuiinua tena jioni, hata mgongo wake ukagoma kabla yeye hajagoma. Bosi wake alimwahidi usimamizi wa zamu, kazi ya kushika kalamu na kusimama wima, kwa sharti moja: alete cheti cha Kiingereza Jumatatu asubuhi, maana wanunuzi wa nje wanakuja na Kiswahili hawakijui. Asipokileta, nafasi anapewa mwingine, naye anarudi kwenye barafu. Daktari alikwisha kumwambia kwamba kwa mwendo ule mgongo hautafika mwakani. Jueni basi alichokuwa akikipigania, msije mkaanza kucheka mapema.

Kwa miezi mitatu tulisoma chini ya Mwalimu Hellen mwenye kalamu nyekundu, binti mdogo kwa umri, jemadari kwa sauti. Wiki za mwisho akatuingiza katika pori la vile vitenzi vya Kiingereza vinavyotembea viwili viwili, kitenzi mbele, kijineno chake nyuma. Akatufundisha kwamba kitu kikitajwa kwa jina lake kamili, kwa mfano chaki, kinaweza kukaa katikati au mwishoni kipendavyo. Lakini kikifupishwa kikawa "it" au "them" tu, hakina hiari, lazima kikae katikati, kama mtoto kwenye bodaboda, baba mbele na mama nyuma.

"Pick it up!" alinguruma, yaani iokote. "Anayesema pick up it, amemwangusha mtoto barabarani!"

Tulimwangusha mtoto yule mara nyingi, mimi hasa. Machibya hakumwangusha hata siku moja. Aliyatamka maneno yale njiani, akayatamka ghalani, na kila alipoinua kreti alijiamuru mwenyewe kwa Kiingereza, wenzake wakadhani amerukwa na akili.

Basi mtaniuliza, kama lugha alikwisha kuishinda, vita yake ilikuwa na nani? Tulieni. Katika darasa lilelile, upande wa dirishani, alisoma Mama Modesta, mpangisha vyumba, aliyekuja kujifunza kwa sababu wajukuu zake wa ng'ambo humpigia simu akabaki kucheka tu. Na Mama Modesta ndiye aliyemzaa Rose, mke wa Machibya. Wasukuma wenzangu mmekwisha kuelewa. Wengine jueni leo kwamba mkwe ni mkwe. Yeye alikaa dirishani, Machibya mlangoni. Wakikutana njiani, Machibya alikatiza kwenye mahindi ya watu. Salamu yao ilikuwa shikamoo ya mbali na marahaba ya mbali, macho chini, imeisha hiyo. Miezi mitatu hawakuazimana hata kifutio.

Ikafika siku ya mtihani wa kuzungumza. Mwalimu Hellen akatia majina yetu ndani ya sufuria, akawa anachomoa mawili mawili.

"Machibya," akasoma. "Na Modesta."

Faisal fundi simu, aliyekaa ubavuni mwangu, akaninong'oneza, "Lahaula! Kwisha habari yake."

Wakaenda mbele, wakasimama wakiachana kiasi cha kupitisha ng'ombe. Mwalimu akaangusha chaki sakafuni, akasoma kadi: "Machibya, mwamuru mwenzako aiokote. Tumia it."

Oneni balaa hilo! Amwamuru mama mkwe, tena mama mkwe ainame mbele yake, watu kumi na wanne wakitazama!

"Mwalimu," akanena Machibya akiangalia dari, "niagize niibebe meza hii nawe umekaa juu yake, nitaibeba mpaka airport. Niagize niyahamishe mawe ya kilima hiki moja moja, nitaanza sasa hivi. Lakini huyu ni mama yake Rose. Kumwambia ainame, mdomo wangu hauwezi."

"Faisal aliomba kubadilishiwa mwenzake nikamkatalia," akajibu Mwalimu Hellen. "Siwezi kukukubalia wewe. Hapa hakuna wakwe, kuna watahiniwa. Usiposema, ni sifuri. Una dakika moja."

"Baba," akasema Mama Modesta, akiuambia ukuta, "sema tu, mimi nitaokota. Rose ameniambia habari za mgongo wako. Sema, baba yangu."

"Siwezi, mama."

Jasho likamtoka mtu aliyezoea barafu. Nilimwonea huruma, nami si mwepesi wa huruma. Mwalimu akatazama saa, akainua kalamu nyekundu.

Hapo ndipo mwana wa Chenge alipopiga hatua mbili kubwa, akashika kiuno kwa mkono wa kushoto, akainama, jamani, akainama polepole akiuma meno, akanena kwa sauti iliyotikisa mabati: "Mother, please stay there. I will pick it up!" Yaani, mama, tafadhali kaa hapo hapo, nitaiokota mimi. Akaiokota.

Tukapiga makofi. Mwalimu akatunyamazisha.

"Umesema sawasawa," akamwambia, na sauti yake ilikuwa imepoa kidogo. "Lakini kadi inataka amri. Hiyo uliyotoa ni ahadi."

Machibya akainamisha kichwa, chaki mkononi. Ndipo Mama Modesta alipouacha ukuta, akajifunga kitenge vizuri, akamkazia macho mwenye kalamu.

"Teacher!" akapaaza sauti. "His marks! Write them down!" Kisha, ili asibaki mtu hajaelewa, akaongeza, "Alama zake, nimesema, ziandike. Amri uliyoitaka hiyo hapo. Mimi na yeye tumepewa kadi moja, na amri imetoka kwa mwenye haki ya kuamuru."

Mwalimu Hellen aliitazama kadi, akamtazama mama, akaitazama tena kadi. Akaandika. Vigelegele vikapasuka, na Faisal akasimama juu ya benchi. Machibya alilia waziwazi, akasema "asante, mama," akiviambia viatu vyake.

Jioni Rose akamwuliza mumewe, "Umefaulu?"

"Nimefaulu. Na mama pia."

"Mmezungumza?"

Machibya akafikiri sana. "Kidogo," akasema. "Kwa Kiingereza."

Basi ijulikane kwa watu wa sasa na kwa watakaozaliwa: Jumamosi ile, saa kumi na robo alasiri, chaki moja iliondoka sakafuni ikafika mezani, na heshima ya mama wa mtu haikupungua hata punje. Na Jumatatu, saa moja asubuhi, Machibya mwana wa Chenge aliingia ghalani na cheti chake, akakabidhiwa kalamu, akasimama wima mbele ya makreti, na barafu wakaibeba wengine.