Ruzuku ya Takwimu na Kompyuta ya Kuazima

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Hombolo. Upepo, vumbi, na habari njema! Kuna mfuko unatoa ruzuku ya utafiti wa takwimu za sayansi na teknolojia vijijini: nani ana mashine gani, nani anatafiti nini, wapi. Wakaguzi watazunguka kata zilizoomba. Mshindi atapewa gari na miaka miwili ya kazi, popote anapotaka mkoani.

Nataka Busi, kwetu Kondoa! Niliondoka Kondoa kijana, mwaka serikali ilipohamisha mifugo yote kuokoa udongo. Baba aliwafuata ng'ombe, nasi tukamfuata baba. Tangu hapo nimerudi kwa mazishi tu. Dada yangu Naima, aliyeko kule, asema ukuta mmoja wa nyumba ya mama bado umesimama. Nataka nifike mara moja bila kulia, mchana, watu wakiniona nashuka garini.

Maisha yangu yote nilikuwa karani wa takwimu. Nimeomba. Nani mwingine anafaa?

Tangazo lasema kipaumbele ni kwa kata "zenye upungufu mkubwa wa vifaa". Nimetabasamu. Hayo ni maneno ya adabu. Hata mgeni husema ameshiba, na bado unampakulia.

Jumanne, 12 Agosti

Balaa. Mwalimu Lameck Mazengo, jirani yangu, mstaafu wa fizikia, naye ameomba! Nimekutana naye dukani. Akaniuliza mbele ya watu, tangu lini Mrangi akahesabu kitu kisicho na mkia. Nikamjibu kwamba Mgogo hata ng'ombe wake mwenyewe hasemi ni wangapi. Watu wakacheka. Nadhani walimcheka yeye.

Wakaguzi wanakuja keshokutwa. Nyumbani kwangu pana meza, redio, na kuku anayelala juu ya redio. Mgeni ataona nini? Nimekwenda kwa Gladness, mwenye duka la uchapaji. Shikamoo babu, kompyuta ya nini babu? Nikamwambia ya sayansi. Kakubali, ila itoke kwangu kabla ya saa sita. Nimeazima viti vya kanisani, ingawa mimi ni mtu wa msikitini. Koti jeupe nimepata kwa Obedi, bwana mifugo, pamoja na Obedi mwenyewe ndani yake. Atakuwa mtafiti wangu mkuu. Darubini nimekosa. Nimechukua kikamulio cha zabibu. Kina mpini, na kinang'aa.

Tabu, mke wangu, kaniambia: Baba Ikram, si waone nyumba ilivyo? Nimemhurumia. Hajawahi kufanya kazi ofisini.

Alhamisi, 14 Agosti

Dkt. Cecilia, mkuu wa wakaguzi, kafika saa nne. Mama mpole, kalamu haitulii. Akakaa kwenye kiti cha kanisa. Akaangalia kompyuta, akaandika. Akaangalia kikamulio, akaniuliza kinapima nini. Nikasema unyevu. Akaandika. Obedi akaeleza minyoo ya mbuzi kwa ufasaha hata mimi nikawashwa.

Tabu alipoleta ugali na mlenda, Gladness akatokea mlango wa nyuma. Babu, saa sita inakaribia, nyumba ya pili wanasubiri. Nyumba gani? Kwa Mwalimu Lameck! Vyote nilivyoazima mimi, Lameck alikuwa ameazima na yeye. Zamu yake mchana! Na wakaguzi wakitoka kwangu wanakwenda kwake!

Ningefanyaje? Mgeni hawezi kumkuta jirani yangu uchi. Hata Lameck. Nikamwambia Tabu aongeze mlenda. Huku nyuma kompyuta, koti, Obedi na kikamulio vikapita katikati ya mizabibu. Viti vilikuwa vigumu zaidi, maana wageni walikuwa wamevikalia. Nikawaomba wahamie mkekani, wapunge upepo.

Baadaye nikachungulia juu ya ua wa minyaa. Dkt. Cecilia alimkazia macho Obedi, aliyekuwa akihema. Akamwuliza kama hawajaonana. Obedi akajibu kwamba yule wa asubuhi ni Kulwa, yeye ni Doto.

Akaandika!

Ijumaa, 15 Agosti

Nimetoka msikitini na moyo mweupe. Mwalimu Lameck kanipa mkono uani. Kasema siku nzuri ya sayansi, jirani. Hakunishukuru kwa viti. Nimemsamehe. Nikiwa Busi nitamtumia salamu.

Jumatano, 20 Agosti

Dkt. Cecilia kapiga simu. Hombolo imeondolewa kwenye shindano. Vifaa vyetu ni vingi mno, kasema, vyote viwiliviwili, hadi watafiti pacha. Ruzuku ni ya wasio navyo.

Nikauliza nani amepata.

Busi!

Wenyeji waliwaonyesha wakaguzi ubao wa shule uliopasuka, basi. Na si hilo tu. Wazee wa Busi wameomba kazi isimamiwe na mtoto wa kwao anayejua takwimu, wakanitaja mimi, Uwesu! Gari, miaka miwili, vyote vyangu. Wakaguzi watapita kule Jumamosi kuona tu kama hali ni ile ile.

Nilikaa uani mpaka chai ikapoa. Tabu akanifuta vumbi begani, akasema: Baba Ikram, safari hii usiguse kitu.

Ijumaa, 22 Agosti

Sijalala kwa aibu. Ubao uliopasuka! Mbele ya wageni! Wamewapa ruzuku kwa kuwaonea huruma, kama yatima. Kijiji cha mama yangu! Hali haiwezi kuwa ile ile Jumamosi, nikiwa hai.

Henry, mnunuzi wa zabibu, kaniazima Fuso lake. Tumepakia kompyuta, viti, koti na kikamulio. Obedi anakuja. Tumemtafutia masharubu ya bandia, ili Doto asifanane sana na Kulwa. Mwalimu Lameck ameleta ubao mpya wa shule, kwa sharti awe msaidizi wangu. Tunaondoka baada ya swala ya Ijumaa.

Nimempigia Naima kumpa habari. Akaniomba, kwa jina la mama, nije mikono mitupu.

Masikini dada yangu. Adabu imemjaa.