Chumba Nilichoahidiwa Kimepewa Baruti

Bi. Ardis Kvamme,
Kwenye kochi la sebuleni,
Nyumbani kwa Gaylen na Rhonda Pruett,
Antler Flat, Montana.
Jumatano, 12 Februari.

Kwa Bwana Merle Skogstad,
Mwenyekiti, Klabu ya Walenga Shabaha ya Antler Flat.

Bwana Mwenyekiti,

YAH: KUOMBA CHUMBA CHA MKWE WANGU KIKATALIWE

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkeo Beverly, na kwamba bomba lenu lililopasuka kwa barafu limekwisha kuzibwa. Mimi sijambo kiasi. Nyonga niliyovunja kwenye ngazi za kanisa imeunga, na sasa inatabiri theluji kuliko redio.

Nimesikia kwamba Jumamosi hii Bwana Verlyn Oakes, mkaguzi wenu, atakuja kukikagua chumba cha mkwe wangu Gaylen, ambamo anajaza upya baruti maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa ili yapigwe tena. Desturi yenu naijua. Chumba kikipita, mwanachama anaruhusiwa kutumia risasi za mkono wake kwenye mashindano ya masika. Kisipopita, anafungasha vyombo vyake. Naomba, kwa heshima zote, kisipite. Chumba hicho ni changu. Niliuza nyumba yangu mwezi wa Novemba kwa ahadi kwamba nitalala humo, maana ndicho chumba pekee cha kulala cha nyumba hii kisicho na ngazi. Tangu siku hiyo nalala kwenye kochi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na ya kochi hili naijua mimi.

Nisije nikaonekana mama mkwe mchokozi, malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba.

1. Meza. Gaylen amestaafu kuendesha greda la wilaya, na mwanamume aliyestaafu ni lazima apigilie kitu. Amepigilia meza. Ameifunga ukutani kwa skrubu ndefu kama kidole changu, akaweka juu yake mtambo wa mkono wa kubania risasi, kisha akakipeleka kitanda changu gerejini. Nilipouliza, akanijibu, "Mama, ni mpaka theluji iyeyuke tu." Mimi nimezaliwa Montana. Najua theluji ya hapa inayeyuka lini, na najua hakuna anayefunga kitu ukutani kwa skrubu kumi na mbili akitarajia kukiondoa. Meza hiyo nimeijaribu kwa nyonga yangu nzima na haikutikisika hata kidogo. Kitanda changu kimetikisika miaka arobaini na hakuna aliyekitafutia hata msumari.

2. Baridi. Kwenye meza hiyo kuna mizani ya kupimia baruti, kitu kidogo chenye wasiwasi mwingi. Mtambo wa kupasha nyumba joto ukiwaka, hewa inapuliza na sindano ya mizani inacheza. Kwa hiyo Gaylen anauzima. Jumatatu nje ilikuwa digrii ishirini chini ya sifuri, na mimi nilikula chakula cha mchana jikoni nimevaa koti la marehemu mume wangu na kofia yake ya masikio. Rhonda, mwanangu wa kumzaa, akaniambia, "Mama, vumilia, anapima." Bwana Mwenyekiti, nimepima ngano kwenye ghala la nafaka la mji huu miaka thelathini na minne, malori yakiingia, upepo ukivuma, wakulima wakibishana, na sikuwahi kumwambia binadamu yeyote agande ili mimi nisome namba.

3. Ukimya. Mlangoni amebandika karatasi: ANAYEPIMA BARUTI HAONGELESHWI. Wiki iliyopita nilikwenda kumwarifu kwamba sufuria ya maharage aliyoiacha jikoni inatoa moshi. Nikasimama mlangoni. Akainua kidole kimoja bila kugeuka. Nikasubiri. Kidole hakikushuka. Alipomaliza, maharage yalikuwa makaa, na sufuria ilikuwa yangu. Akasema, "Mama, nikikosea kipimo kimoja inabidi nimwage vyote hamsini nianze upya." Nikamwambia, "Na mimi nianze upya na sufuria gani?" Akaniambia niangalie gerejini, karibu na kitanda.

Nikiri hapa, kwa kuwa mimi ni mkweli, kwamba mimi na Gaylen hatujawahi kupatana. Ni miaka thelathini na moja tangu amwoe Rhonda, na sikumbuki mlo tuliomaliza bila mmoja wetu kuudhika. Yeye anasema mimi namsahihisha. Mimi nasema akisema sawa sitamsahihisha.

4. Uangalifu uliopita kiasi. Hili ndilo linaloniuma. Mtu huyu alisahau siku ya kuzaliwa ya mkewe miaka miwili mfululizo. Lakini kila kisanduku cha risasi amekiandika tarehe, aina ya baruti, uzito wake, na ganda limetumika mara ya ngapi. Miaka yote hiyo nimemwambia anawe mikono kabla ya kugusa mkate, hakunawa. Kijitabu cha maelekezo kimemwambia mara moja tu kwamba risasi ina madini ya sumu, sasa ananawa mpaka kwenye viwiko kama daktari. Haruhusu sigara mlangoni, paka hapiti, na vile vikofia vidogo vinavyowasha baruti amevifungia kabati la peke yake, mbali na la baruti, kila kabati na ufunguo wake. Sijawahi kumwona akimshika mtu yeyote wa nyumba hii kwa namna anavyoshika kikombe cha kupimia. Naona wivu, Bwana Mwenyekiti. Nina umri wa miaka themanini na moja na nakionea wivu kikombe.

5. Mazishi ya marehemu Elmer Dahlquist. Ulikuwepo, kwa hiyo nitasema kwa ufupi. Wanajeshi wastaafu walipopiga risasi za heshima mara tatu, Gaylen alipiga magoti kwenye theluji, akainama mpaka paji la uso likakaribia kugusa chini. Watu walidhani amezidiwa na uchungu. Mchungaji alimshika bega, na Beverly wako alilia. Mimi niliyesimama nyuma yake niliona alikuwa akiokota maganda. Mjane alikuwa akiyasubiri ayatie ndani ya bendera aliyokabidhiwa, kama ilivyo desturi ya mazishi ya askari, ikabidi Gaylen ayatoe mfukoni moja moja mbele ya familia. Tukiwa kwenye gari akasema, "Hata hivyo hayafai kujazwa yale, ni ya risasi za mlio tu, yamebanwa mdomoni." Hilo ndilo lililomsikitisha.

6. Kijitabu chenyewe. Kwa kuwa haniongeleshi, nimekisoma. Kinasema baruti ihifadhiwe mahali pakavu, pasipo joto kali wala baridi kali. Ikae mbali na moto, isipigwe na jua, isisogezwe hovyo. Ibaki kwenye chombo chake cha asili, chenye jina lake, isichanganywe na nyingine. Watoto wasiifikie.

Nimeyasoma haya mara tatu, nikalia kidogo, kisha nikacheka. Bwana Mwenyekiti, kila kitu humo ndicho ninachokihitaji mimi. Mimi pia nahitaji pakavu. Mimi pia sitakiwi kusogezwa hovyo. Wajukuu wa Rhonda wananifikia kila Jumapili na kunirukia. Baruti ya miezi mitatu imeyapata yote bila kuomba, na mimi niliyemzaa mama mwenye nyumba nimewekwa sebuleni, karibu na jiko la kuni, bila jina.

Kutokana na hayo, naiomba klabu yako mambo yafuatayo. Kwanza, Bwana Oakes akikatae chumba. Ikishindikana, basi kanuni zenu zibadilishwe ili mwanachama yeyote anayetaka chumba cha kujazia risasi aonyeshe kwanza kwamba katika nyumba yake kuna bibi kizee aliyehifadhiwa kwa kiwango hicho hicho. Na ikiwa hilo nalo ni zito kwa wajumbe, naomba niandikishwe rasmi katika daftari la klabu kama baruti. Nitabandikwa karatasi yenye tarehe na uzito wangu, sina haya na uzito wangu. Sheria zenu zitamlazimu Gaylen anihamishie chumbani kabla ya jua kuzama, na anifungie kwa ufunguo dhidi ya wajukuu.

Nisalimie sana Beverly, na umwambie bakuli lake la saladi lipo, nitalituma na Rhonda. Nisalimie akina mama wanaokunywa kahawa kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, na Bwana Oakes na mgongo wake.

Wako mtiifu, ninayesubiri chumba,

Ardis Kvamme (Bi.)

Nyongeza, Ijumaa mchana.

Bahasha nilikuwa nimekwisha kuilamba na kuifunga, nimeichana.

Jana Gaylen alikuja sebuleni kofia mkononi. Akasema, "Mama, hii miwani mipya inanisumbua. Namba naziona mbilimbili. Njoo unisomee." Nilikwenda ili nipate ushahidi zaidi. Alinivutia kiti. Haikupita dakika moja nikaona kwamba sindano ya mizani ikiwa tupu inasimama unywele mmoja juu ya sifuri, maana nyumba hii imeinama upande wa dirisha, na meza imeinama nayo. Nikamwambia. Nilivunja sheria ya mlangoni kwa sauti kubwa. Hakuinua kidole. Alipiga magoti, akaitazama sindano kwa jicho moja, kisha kwa jingine, akasema, "Ni kweli." Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Akazichukua risasi mia mbili alizokwisha kuzijaza, akaanza kuzifungua moja baada ya nyingine, bila kununa. Tukazipima upya pamoja.

Tulikaa saa tatu hatujasemezana ila namba, na hatukukosana. Nimegundua kwamba miaka yote hiyo kosa letu lilikuwa kuongea. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nimelisubiri jembe langu miezi mitatu.

Kwa hiyo malalamiko namba moja hadi sita nayafuta, ila la sufuria libaki. Chumba kipite. Bwana Oakes aje na soksi nzito, kwa sababu mtambo wa joto utakuwa umezimwa, na asitusemeshe mpaka nimemaliza kusoma. Rhonda amekasirika. Anasema chumba ni cha mama yake na kwamba atakuandikia wewe mwenyewe. Ukiipata barua yake, tafadhali usiisikilize. Kitanda wapewe wenye shida nacho, kochi limekwisha kunizoea mbavu.

Pamoja na hii naambatisha fomu yangu ya kujiunga na klabu. Utaona kwamba mdhamini wangu ni Gaylen, na amejaza sehemu yake mwenyewe. Palipoulizwa yeye ni nani kwa mwombaji, ameandika "mwanawe." Nilitaka kumsahihisha kama kawaida yangu, lakini alikuwa ameandika kwa wino, na fomu ilikuwa moja tu.