Moyo Ulivyonichongea Siku ya Mgao

Leo nimepata aibu ya kuhama mkoa. Naandika nikiwa nimejifungia chumbani hapa Matongo, na kila nikisikia watu wanacheka barabarani najua wananicheka mimi. (Huenda wanacheka mambo yao. Lakini nani ana uhakika.)

Niliosoma nao Singida mnajua nilikuja huku kuchimba dhahabu. Msichojua ni kwamba moyo wangu unakwenda mbio. Si mbio za mapenzi. Mbio tu. Nimekaa, unakimbia. Nimelala, unakimbia, kama umechelewa basi la Musoma. Daktari kule Mugumu alinipima akasema moyo wenyewe si mbovu, una haraka tu, akanipa vidonge. Kimoja kila asubuhi. Usiruke siku, na usimeze viwili kwa pamoja. Halafu akaongeza, "Na uache wasiwasi." Kuniambia mimi niache wasiwasi ni sawa na kumwambia mbuzi aache mahindi. Nilitoka pale nikiwa na wasiwasi kama nitaweza kuacha wasiwasi.

Kule duarani, yaani kwenye shimo letu, nilikuwa sijamwambia mtu. Mzee Marwa, msimamizi wetu, hamshushi mgonjwa chini. Kuna mwenzetu alikohoa siku mbili tatu, akaambiwa akapumzike kwao, na mpaka leo anapumzika. Asiyefanya kazi hapati mgao. Na nyumbani mgao huo unasubiriwa, maana mama ameshawatangazia majirani wote kwamba tunaezeka bati. Kwa hiyo vidonge nilivificha kwenye kopo la mafuta ya kujipaka. Asubuhi nakunywa uji kwa Mama Bhoke, nageukia ukutani, nameza haraka haraka. Nilijiona mjanja sana.

Leo sasa ndiyo ilikuwa siku yenyewe ya mgao. Mawe yalikuwa mazuri, kila mtu ana uso wa sikukuu. Viroba vilikuwa vimepangwa mdomoni mwa shimo, sisi tunavibeba kimoja kimoja kuvipeleka mbele ya kibanda ili Mzee agawe. Nikabeba cha kwanza. Nikabeba cha pili. Nikiwa na cha tatu begani, nimefika nyuma ya kibanda, moyo ukaanza. Du, du, du, mpaka masikioni. Na hapo hapo likanijia lile swali ambalo watu wa vidonge mnalijua: hivi leo nimemeza?

Nikavuta kumbukumbu. Uji nauona. Kikombe nakiona. Kidonge sikioni. Au hicho kikombe ni cha jana? Kama sijameza, basi nimeze sasa hivi. Kama nimemeza, nikimeza tena vinakuwa viwili, moyo unasimama moja kwa moja, na mama anaezeka bati la msiba. Nikatua mzigo pale tunapotupia magunia matupu, nikavua jaketi maana jasho lilikuwa linanitoka, nikakaa. Vidole shingoni, nahesabu mapigo. Napotea njiani, naanza upya. Dunia nzima ilikuwa imebaki mimi na shingo yangu.

Nilizinduliwa na sauti ya Mzee Marwa.

"Kiroba changu cha kamba ya bluu kiko wapi?"

Hicho hakikuwa kiroba cha kawaida. Kilikuwa na mawe yaliyotoka kwenye mwamba wenyewe, yale ambayo hata mtoto angeona yana dhahabu, na Mzee alikifunga kwa mkono wake. Kikatafutwa mbele ya kibanda. Hakipo. Kikatafutwa mdomoni mwa shimo. Hakipo. Mzee akaamuru watu wote wakusanyike nyuma ya kibanda, asiondoke mtu. Kwa bahati nzuri mimi nilikuwa tayari nipo pale nimekaa. (Hiyo bahati nzuri ishikeni, tutarudi.)

"Simpeleki mtu polisi," Mzee akasema. "Wala simuulizi mtu, atanidanganya bure. Naweka mkono kifuani. Nitakayemkuta moyo unakimbia, ndiye. Marehemu baba alimpata hivi hivi yule aliyevusha ng'ombe wetu kwenda Kenya."

Ndugu zangu. Katika njia zote za kumtafuta mwizi hapa duniani, ikapatikana hiyo.

Akaanza na Mwita. Mkono kifuani, macho amefumba. "Huyu amelala," akasema, watu wakacheka. Akaenda kwa Otieno. "Huyu ana njaa tu." Kila alivyosogea ndivyo wangu ulivyozidi, na kila nilipojiambia tulia, ndipo ulipokataa. Nikakumbuka daktari alinifundisha kuvuta pumzi polepole kwa pua na kuitoa kwa mdomo. Nikavuta. Nikaitoa. Ikatoka na mlio wa tairi la baiskeli linalotolewa upepo. Watu wote wakageuka kunitazama.

"Shikamoo, mzee," nikasema alipofika kwangu. (Tulikuwa tumeshasalimiana asubuhi.)

"Marahaba." Akaweka mkono. Akautoa. Akauweka tena, safari hii akainamisha na sikio. Kisha akafumbua macho.

"Mura," akasema taratibu, "humu ndani kuna karasha."

Mura ni kijana kwa Kikurya, na karasha ni ile mashine ya kusaga mawe. Hakuna aliyecheka.

Mwita akasimama. "Si nilisema? Huyu mtu wa mbali huyu. Kiko wapi kiroba?"

"Sijui kilipo, haki ya Mungu," nikasema, na sauti ikawa ya mtu anayejua kabisa kilipo. Nikaona bati la mama linapeperuka. Nikaona narudi Singida kama mwizi, na hapo ni kama nitaachwa nirudi. Niliogopa kwelikweli, wala sina haja ya kuficha. Basi ikanitoka: "Mimi ni mgonjwa. Moyo wangu unakimbia kila siku, hata nikiwa kanisani." Nikatoa kopo mfukoni, nikawaonyesha vidonge vyangu vinavyonukia mafuta. "Na leo sijui hata kama nimemeza."

"Umemeza," akadakia Mama Bhoke, aliyekuwa amekuja kufuata vikombe vyake. "Kila siku unageukia ukuta wangu unameza, na leo pia. Mimi nilijua ni dawa za minyoo, nikaona nisikuaibishe."

Mzee Marwa akalichukua kopo, akalitazama, akachuchumaa mbele yangu. "Sasa mbona hukusema, mura? Mimi mwenyewe nameza za presha." Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kopo lake. La kwake lilikuwa la ugoro, vidonge ndani.

Nusura nilie. Muda wote huo nimekuwa nikimwogopa mtu mwenye kopo kama langu. Nikausikia moyo unashuka, unashuka, mpaka ukafika mahali ambapo nilikuwa sijauona tangu mwaka uanze. Mzee akaupima tena.

"Umetulia. Huyu si mwizi, jamani. Msaidieni maji." Akanishika mkono kwa huruma kama mtu na mwanawe. "Haya, inuka."

Nikainuka. Jaketi likaanguka. Kamba ya bluu.

Kilikuwa ndicho kiroba changu cha tatu. Nilikibeba bila kuitazama kamba, nikakitua mwenyewe, nikakifunika jaketi mwenyewe, nikakikalia mwenyewe, na kwa jinsi nilivyokuwa natafuta mapigo shingoni sikukumbuka kabisa kwamba nimekalia kitu. Nilikuwa nimekalia mali ya watu wote, mbele ya watu wote, huku naapa sijui ilipo.

Karasha ikawashwa upya kifuani. Mzee Marwa akakitazama kiroba. Akanitazama mimi. Akautazama mkono wake, akauinua juu kila mtu auone.

"Mnaona?" akasema. "Huu haujawahi kukosea."

Mwita ndiye aliyeniokoa, maana alianguka chini kwa kicheko. "Mwizi gani anakaa juu ya mali anasubiri kupimwa?" Otieno akashika ukuta. Mama Bhoke akaviachia vikombe vyake vyote. Nilijaribu kueleza, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunisikiliza.

Walipochoka, Mzee akafuta machozi, akaniambia mgao wangu uko palepale, ila shimoni sishuki tena mpaka daktari aseme. Nikamuuliza, "Sasa nitafanya kazi gani, mzee?"

"Utalinda viroba. Namna unavyolinda tumeshaiona."

Kwa hiyo kuanzia kesho kazi yangu ni kukaa. Mama nimemwambia nimepandishwa cheo, na ninyi mkikutana naye msimharibie furaha. Mkitaka kucheka, chekeni mbali na simu yangu. Daktari alisema moyo wangu una haraka, na leo nimemwamini: ulijua kiroba kilipo kabla yangu.