Posa ya Bombo na Vidonge vya Mafua

Jumatatu, 4 Julai 1994

Nimekwenda haja ndogo mara tisa tangu asubuhi. Nasimama, nasubiri, yanadondoka matone ya kulowanisha jani moja, kisha nikirudi kibandani nataka tena. Nina miaka hamsini na nane. Nilikuwa karani wa shamba la mkonge mpaka waliponipunguza kazini mwaka juzi, na miaka yote ile sikuwahi kuacha meza yangu ovyo. Leo nimemwacha mteja kaunta na sabuni mkononi. Niliporudi sikumkuta, wala sabuni sikuikuta.

Jumamosi tunapanda milimani, Bombo, kumposea mwanangu Rogers. Lukasi fundi cherehani, jirani yangu na mshenga wetu, amenieleza desturi ya ukoo wa binti. Baba wa bwana harusi akishakalishwa kwenye kiti, haondoki mpaka wakwe waseme ndiyo. Akisimama kabla, mazungumzo yamevunjika. Lukasi alinieleza hayo kwa furaha nisiyoielewa. Nikamuuliza huchukua muda gani. Akasema posa ya mwisho ilimaliza saa tano nzima, na mzee mmoja alisinzia akaanguka.

Tena kuna bwana mmoja wa Tanga, mwenye lori, naye anamtaka huyo huyo Veneranda. Amepewa Jumamosi inayofuata. Rogers aliponiambia habari hiyo sauti ilimtetemeka, mtoto ambaye hata alipovunjika mkono hakulia. Kwa hiyo sitasimama. Lazima nipate njia.

Jumanne, 5 Julai

Njia ya kwanza: duka jipya la dawa karibu na stendi ya hapa Same. Siku hizi biashara imeachiwa huru, hata mtu binafsi anauza dawa, na mwenye duka hili si muuzaji tu, ni mfamasia kamili aliyesomea Dar es Salaam. Tatizo ni moja. Anaitwa Redempta, na ni shangazi yake Veneranda, dada wa tumbo moja wa baba yake. Nitamwambiaje mkwe habari za mkojo? Na Jumamosi neno la shangazi ndilo zito kuliko yote. Akijua naumwa huko, atasema ukoo wetu mzima umeoza.

Nikaingia kwa akili. Nikasema nina rafiki, ana tatizo hili na hili. Redempta hakucheka. Aliuliza kwa sauti ya chini rafiki ana umri gani, mkojo unatoka kwa nguvu au unadondoka, kama una damu, na kama anatumia dawa nyingine yoyote. Nikajibu yote kwa ukweli. La mwisho nikasema hatumii kitu, maana vidonge vya mafua ninavyomeza wiki mbili sasa siwezi kuviita dawa. Hata mimi naviuza, kati ya viberiti na peremende.

Akasema wanaume wengi wa umri ule hupatwa. Kuna tezi chini ya kibofu, hukua na kubana njia. Mara nyingi si kitu kibaya, ila sharti apimwe hospitali ijulikane. Akakataa kunipa dawa ya kumpelekea mtu asiyemwona. Badala yake akachukua kalamu amwandikie barua ya kwenda nayo kwa daktari, akauliza rafiki anaitwa nani.

Sikuwa nimejiandaa na jina. Nikasema Lukasi.

Jumatano, 6 Julai

Balaa. Redempta hakungoja niipeleke barua, alimpelekea Lukasi mwenyewe akamwita pembeni.

Jioni Lukasi amekuja kwangu macho yamelowa. Nikatafuta mlango wa kutokea. Kumbe amekuja kunishukuru. Anaumwa vile vile mwaka wa pili huu na hajamwambia hata mkewe. Anaamini nilimwona anavyohangaika nikamhurumia. Ameshakwenda hospitali, amepimwa, amepewa dawa na kukatazwa chai ya jioni. Ameniita ndugu yake. Nilipokea shukrani kwa unyenyekevu, kisha nikamwomba vidonge viwili vya kuonja. Akasema Redempta amemkataza kabisa kugawa. Na barua ile ilikuwa yangu!

Alhamisi, 7 Julai

Sabasaba. Nimefungua kibanda nusu siku.

Nimepata jibu, na nimelipata bila kusoma Dar es Salaam. Ukimeza kidonge cha mafua, pua inakauka. Makamasi ni maji. Mkojo nao ni maji. Kinachokausha juu kitashindwaje kukausha chini? Nashangaa wataalamu hawajaliona. Nimemeza viwili badala ya kimoja. Mpaka sasa nimekwenda mara nne tu.

Ijumaa, 8 Julai

Vitatu asubuhi, vitatu mchana. Nimekwenda mara mbili. Mdomo umekauka, na Dorkas, mke wangu, ameuliza mbona naongea kama mtu mwenye unga kinywani. Nimemwambia ni mawazo ya posa. Nimepiga pasi koti. Pakiti nzima ya vidonge nimeitia mfukoni. Sijawahi kuwa na furaha hivi tangu nipunguzwe kazini.

Jumapili, 10 Julai

Naandika nikiwa nimelala, hospitali ya misheni, huku huku milimani. Nieleze kwa utaratibu.

Jana tulifika Bombo saa nne. Wakanikalisha. Saa ya kwanza shwari. Saa ya pili shwari, nikamwonea huruma Lukasi aliyetoka nje mara moja, yeye mshenga anaruhusiwa. Saa ya tatu nikaanza kutaka. Nikajikaza. Mzee Evance, baba yake Veneranda, alikuwa anadai blanketi la bibi, wala si blanketi lolote, la rangi ya kahawia. Tumbo likawa gumu kama ubao. Jasho likanitiririka na baridi ile ya Julai. Nikajua kwamba hata nikisimama halitatoka tone. Nikamtazama Rogers. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono ameibana katikati ya magoti, ananiangalia mimi tu. Nikaamua nitafia kwenye kile kiti.

Redempta akainuka upande wa wanawake. Alikuja akainama karibu nami kama anayenikaribisha uji, akaniuliza taratibu, Baba Rogers, yule rafiki yako ni wewe? Nikaitikia kwa kichwa. Akauliza nimemeza nini. Nikampa pakiti. Akaiangalia, na uso wake ukabadilika.

Akageukia wazee. Akasema yeye ni shangazi, na kwa kinywa cha shangazi binti ametolewa, ndiyo. Mzee Evance akasema blanketi halijaisha. Redempta akasema blanketi atalinunua yeye mwenyewe, la kahawia, na baba mkwe asimame sasa hivi aende hospitali. Hakuna aliyembishia. Nikasimama. Yaani nilishikwa nikasimamishwa, Lukasi kulia na Rogers kushoto, wakanipakia kwenye Landrova tuliyokuja nayo.

Hapa waliniwekea mpira. Sitaeleza mpira ulipopita. Nitasema tu kwamba ulipofanya kazi nililia mbele ya nesi kwa raha, na sioni aibu.

Redempta alinifafanulia baadaye. Vidonge vile hukausha pua kweli, lakini hubana na mlango wa kibofu, na kwa mtu ambaye tezi imekwisha kukua vinaweza kuufunga kabisa. Hata ile hali yangu kuzidi wiki mbili hizi, ndivyo vilivyochochea. Kama Jumanne ningevitaja, angeniambia nivitupe tu. Alisema bila kunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Jumatano, 13 Julai

Nimerudi Same. Mpira umetolewa, mambo yanatoka vizuri kuliko mwaka jana. Daktari amesema tezi imekua, haimtii wasiwasi, nirudi mwezi ujao aiangalie tena. Harusi ni Septemba. Rogers ameniamkia leo shikamoo kwa namna ambayo hajapata kuniamkia, akanishika mkono hakuuachia.

Mchana Redempta aliniita dukani. Akafunga mlango wa chumba cha ndani, akanipima presha, nzuri. Akasema wanaume wa Same wanakuja kwake wakiwa wamechelewa kwa sababu ya aibu, na yeye yupo pale kwa ajili hiyo hiyo, hakuna asilolisikia. Kisha akauliza kama lipo jambo jingine lolote linalonisumbua.

Lipo. Linahusu mimi na Dorkas, chumbani, tangu Krismasi. Mlango ulikuwa umefungwa. Mama wa watu ametulia, ananisubiri. Nikamwambia hakuna.

Sasa mimi nimejifunza. Kosa langu lote lilikuwa kutumia jina la mtu aliye hai na anayekaa jirani. Kesho kutwa napanda basi kwenda Moshi, kuna duka la dawa la mwanamume asiyenijua. Nitasema nina rafiki. Anaitwa Ernest, ana miaka arobaini na mitano, ni dereva. Nimefikiri jioni yote na hakuna Ernest yeyote ninayemfahamu.