Magodoro Saba ya Kuku wa Shangazi

Jumamosi, 1 Agosti 1908

Shangazi Afaf ameondoka asubuhi kwenda matangani Takaungu. Kaniachia nyumba, funguo na kuku wake saba. Kasema atarudi Jumatano ya wiki ya pili, na akirudi akute mayai arobaini ya mkate wa mayai wa harusi yangu. Yasipotimia, atakwenda mwenyewe Kuze kwa Mzee Faraj, baba yake Hafswa, amwambie kwamba mwanamume aliyeshindwa na kuku saba hawezi kupewa binti ya watu. Hakucheka aliposema. Shangazi huwa hacheki.

Hafswa! Miaka miwili ya posa, na sasa ndoa yangu imo tumboni mwa kuku.

Leo yai moja. Kwa mwendo huu tutaoana na mvi.

Jumapili, 2 Agosti

Mayai mawili. Usingizi sikupata.

Sababu nimeiona. Maskini wanatagia katika kapu bovu la makaa lililojaa nyasi kavu. Nani atataga humo? Mimi nisingetaga. Nimelitupa uani, nyuma ya birika la kuwekea maji, mahali pasipofika mtu kwa giza na mijusi.

Kisha nimekaa nikachora. Masanduku saba, kila kuku na lake. Paa la mteremko ili wasilale juu. Kizingiti mbele ili yai lisibingirike. Tundu la hewa. Mchoro mzuri kuliko barua yoyote niliyopata kuandika, na kazi yangu ni kuwaandikia watu barua barazani hapa Kibokoni. Nimeuficha chini ya mkeka. Naogopa Taha, mwandishi wa barua wa Makadara. Yule huiba kila kitu. Mwaka jana aliniibia namna yangu ya kumalizia barua.

Jumatatu, 3 Agosti

Mutunga, seremala wa reli aliyetoka Ukambani, kaniletea mbao za makasha ya mafuta ya taa. Kautazama mchoro muda mrefu. Akauliza kuku wameomba haya lini. Akasema kwao kuku hutaga chini ya ghala, gizani, mahali asiposumbuliwa na mtu, na kwamba kuku yeyote huchukua wiki nzima kuzoea jambo jipya. Nikamwambia hapa ni mjini. Akapiga misumari huku akitikisa kichwa.

Masanduku yamepangwa chumba cha chini. Kuku waliingizwa, wakanusa, wakatoka mbio. Kishingo, yule mkubwa wao asiye na manyoya shingoni, alinikazia jicho moja. Namwogopa Kishingo. Sijamwambia mtu.

Tatizo ni harufu ya mafuta ya taa. Mayai sifuri.

Jumanne, 4 Agosti

Harufu huondolewa kwa udi. Udi umo katika sanduku la njumu la Shangazi, lile lenye nakshi za misumari ya shaba, ameuweka kwa harusi. Ufunguo uliniponyoka mara tatu. Nimechukua kipande kimoja tu. Basi, vitatu. Nimefukiza kila sanduku kwa chetezo, madirisha nimeyafunga moshi usipotee. Mlango wa mbele pia nimeufunga, Taha asije akachungulia. Wateja wakigonga nawajibu kwa ndani kwamba nina shughuli, sitoki siku saba.

Kabla ya kujifungia nilipita kwa Bi Mona mshona magodoro. Nikaagiza magodoro saba madogo ya sufi. Kauliza ni ya nani. Nikamwambia ni siri. Kauliza kama shangazi yangu anajua. Nikamwapisha asimwambie, maana ataniua. Bi Mona akashika kinywa. Nadhani alipendezwa na ubunifu.

Jumatano, 5 Agosti

Sifuri tena! Asubuhi nawaachia uani wale, wanapiga kelele huko, nawarudisha, wanasimama kila mmoja pembeni mwa chumba kama wanaongojea hukumu. Labda ni utitiri. Utitiri haupendi rihani. Nimemwita muuza maua dirishani, nikaagiza vikuba saba, vile vishada wanavyojipamba wanawake, vya asumini na rihani, kila siku, hadi Jumatatu. Kanitazama. Kaniombea Mungu anipe nguvu. Mtu mwema.

Mayai matatu kabatini. Arobaini! Nikimkumbuka Shangazi na bakora yake, nayahesabu upya.

Ijumaa, 7 Agosti

Sifuri. Nimeanza kuwasemesha. Kuku mwoga hatagi, na mimi najua woga ni nini. Nimempapasa Kishingo mgongoni, nikamwambia kwa sauti ya taratibu atulie, mpenzi wangu, asione haya, mimi ni wake. Nimemwimbia kidogo. Dirisha la nyumba ya mbele likafunguka, likafungwa haraka. Wanapeleleza mchoro!

Nimetoka kwa sala ya Ijumaa tu, na msikitini nako mambo. Watu walinipisha. Mzee Abdulhalim wa mtaani kwetu alinishika mkono, hakuuachia, akauliza habari za huko ndani. Nikamwambia bado hawajazoea. Akasema subira, subira, na wote saba watanizoea. Kajuaje kuwa ni saba? Nimerudi nyumbani mbio.

Bi Mona ameleta magodoro. Amesema ana barua ya haraka sana ya kwenda Takaungu. Nikampa salamu zote, nikachukua kalamu, nikamwambia aseme nami niandike. Akanitazama, akajifunika uso kwa leso, akaenda zake hadi Makadara kwa Taha! Mteja wangu wa miaka sita! Nimeumia.

Jumapili, 9 Agosti

Sifuri. Magodoro hayana hata mkunjo.

Nilituma sahani ya halua Kuze kwa kina Hafswa. Imerudi haijaguswa. Labda wamefunga sunna ya Rajabu. Lakini nyumba nzima? Na mwenye kuirudisha hakuitikia salamu yangu. Nimeongeza udi.

Jumatatu, 10 Agosti

Niandike kabla mkono haujafa ganzi.

Adhuhuri mlango umepigwa nusura ung'oke. Nilijua ni Taha. Nikauegemea kwa mgongo, nikapiga kelele kwamba sifungui, waliomo ndani ni amana yangu, ni waoga, hawajazoea kuonwa na wageni, na anayewataka anipitie mimi kwanza. Halafu nikasikia sauti ya Shangazi ikisema innalillahi.

Shangazi! Siku mbili kabla! Na nyuma yake sauti ya Mzee Faraj, ikisema posa imekwisha, binti yake haingii nyumba yenye mke na watoto saba.

Mke? Watoto? Nikafungua.

Shangazi alikuwa na barua mkononi, mwandiko wa Taha, na mwishoni ule umaliziaji wangu! Inasema nimeoa kwa siri mjane mwenye watoto saba, nimejifungia naye fungate, mtaa mzima unanusa udi na kusikia mapenzi.

Wakaingia chumba cha chini. Magodoro saba. Vikuba saba. Chetezo kinafuka. Kuku sita wamejibanza juu ya kinu. Mzee Faraj akauliza mke yuko wapi. Kwa hofu nikamweleza paa la mteremko. Nikaeleza na kizingiti. Akainama, akabonyeza godoro moja kwa kidole, akakaa chini sakafuni akacheka hata kofia ikamwanguka.

Shangazi hakucheka. Alihesabu kuku, akaenda moja kwa moja nyuma ya birika, akavuta kapu bovu. Kishingo alikuwa juu yake. Chini yake mayai thelathini na saba. Pamoja na matatu ya kabatini, arobaini kamili.

Nilishusha pumzi. Mapema mno. Shangazi alikuwa ananusa. Akageuka, akalitazama sanduku la njumu.

Jumatano, 12 Agosti

Naandika nimesimama. Kukaa hakuwezekani.

Lakini Hafswa amekubali! Bi Mona ameleta jibu, bila kuniangalia usoni. Hafswa kasema mwenye kuhangaikia kuku hivi hawezi kumtesa mke. Ana sharti moja tu: kitanda cha harusi kitengenezwe na fundi, na mimi nisikichore, nisikipime, nisikiguse.

Nimesoma kati ya maneno, ndiyo kazi yangu. Binti wa heshima hawezi kusema wazi anachokitaka. Anaona haya kuniomba. Nitamshangaza.

Nimekwisha kuchora. Paa la mteremko, paka wasilale juu. Kizingiti mbele, asibingirike. Mutunga kasema mbao za makasha zimebaki. Kautazama mchoro, akauliza bibi arusi ameomba haya lini. Watu wa bara hawaelewi.

Harufu ya mafuta ya taa si neno. Shangazi anatoka kesho kumalizia matanga Takaungu, na udi uliobaki kauhamishia mtungini, nimemwona. Nimeshawaambia majirani sitoki siku saba, nina shughuli ya ndani. Naogopa kitu kimoja tu, Taha asije akauona mchoro.