Ziwa Zima, Bila Kupanda Lori

Alhamisi, 6 Juni

Mdomo wangu huu! Jana mezani nilitamba kwamba naweza kulizunguka ziwa lote kwa baiskeli, vilima na vyote. Mke wangu akasema vizuri, nenda basi, maana baiskeli imekaa ukumbini mwaka mzima inaanikiwa taulo. Ila nikirudi nimepanda lori, au nimebebwa kwa namna yoyote, baiskeli inakwenda kwa mdogo wake, tarishi wa posta, ambaye ya kwake imechoka. Na huyo huyo mdogo wake atafuatana nami awe shahidi. Kesi ya ngedere kapewa nyani!

Shemeji huyo mtaani wanamwita Mshale. Mimi wananiita Fundi, kwa heshima ya cherehani, si ya miguu.

Sina wasiwasi. Nimejishonea suruali yenye sponji ya godoro makalioni. Kitu cha kifalme. Mke wangu aliponiona nimeivaa alitoka nje, akachekea huko, kwa adabu.

Ijumaa, 7 Juni

Tumeondoka asubuhi. Jamani, uzuri! Kushoto maji yametulia kama satini iliyopigwa pasi. Kulia alizeti, zote zimetugeukia utadhani ujio wetu umetangazwa. Nimekaa kama bwana harusi. Nikamwambia Mshale naweza kumshonea na yeye. Akasema ahsante shemeji, yeye amezoea hivyo hivyo.

Kabla ya adhuhuri, mvua. Fupi, lakini ilikuja na nia. Sponji ikainywa yote. Nikiketi, maji yanashuka hadi kwenye viatu. Nikinyanyuka, inavuta mengine. Nimepanda kilima nimebeba kisima! Akina mama waliokuwa wakifua darajani wakaniuliza kama nahitaji mtu wa kunikamua. Nikasema ahsanteni, bado kidogo.

Mshale alinisubiri kila kilele. Hana hata jasho. Tumelala nyumba ya wageni. Suruali iko dirishani, inadondosha mpaka sasa.

Jumamosi, 8 Juni

Sponji nimeikatilia mbali. Mpango mpya, na huu hauna tundu: Mshale achoke kabla yangu. Yeye akipanda lori, shahidi atakuwa na mdomo gani? Alipokuwa akinywa chai nikamtilia mawe matatu ya mtoni mkobani, chini ya sweta. Mawe mazuri, ya mviringo.

Hatukwenda mbali, akasimama. Akasema usiku kucha moyo ulikuwa ukimsuta. Haifai shemeji yake, mtu mzima, abebe pampu, sufuria na vifaa vya kuzibia pancha, huku yeye kijana amebeba sweta tu. Tubadilishane. Nikakataa. Akasema heshima hairudishwi. Akaunyanyua mkoba wake, akautazama, akanitazama, akaufunga nyuma ya baiskeli yangu. Akasema sweta za siku hizi zina uzito, shemeji.

Kisha akakaa nyuma yangu siku nzima, eti nisiachwe. Nitayatoa saa ngapi? Kila shimo mawe yaligongana. Akauliza ni nini hicho kinacholia. Nikasema magoti. Akanipa pole.

Kilima kirefu kuliko vyote! Lori la mchanga likanipita likijikongoja, dereva akaniita mzee, akasema panda nikusogeze. Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe. Halafu nikaiona baiskeli yangu nyekundu ikigawa barua za watu, haina hata habari nami. Nikaurudisha mkono kwenye usukani. Nikashuka, nikasukuma. Kusukuma hakukatazwi.

Juu, ziwa zima lilikuwa chini yetu. Mshale akamega mkate wake, akanipa kipande kikubwa. Kijana mwema sana. Inaudhi.

Jumapili, 9 Juni

Leo mteremko mpaka nyumbani, na mawe bado ninayo, maana usiku Mshale aliufanya mkoba mto wa kulalia. Hakuna aliyeniambia mawe yanafanya nini kwenye mteremko! Nilimpita Mshale. Nikapita kuku, mchungaji, na pikipiki moja iliyoona aibu. Breki zilinung'unika tu. Nikaingia uani kama barua ya haraka na kusimama ndani ya shuka zilizoanikwa.

Mke wangu akanifunua, akamgeukia ndugu yake. Shemeji yako kapanda chochote? Neno moja tu, baiskeli imekwenda! Mshale akasema hajapanda kitu, dada, tena kanibebea mkoba wangu.

Ndipo mke wangu akaufungua mkoba. Haya mawe ya nini? Nikaangalia viatu. Mshale akasema ni zawadi yako, dada, Fundi kakuchagulia mtoni. Mke wangu akayapangusa moja moja. Ameyapanga dirishani, na chakula cha usiku nimepakuliwa kwanza.

Baiskeli ni yangu!

Jumatatu, 10 Juni

Mwili wote unauma ila masikio. Lakini nina furaha. Nimewaeleza wateja siri ya mwendo: uzito uwe nyuma. Mmoja akauliza kama naweza na ule mlima ng'ambo ya ziwa. Nikasema ule? Nikishindwa, cherehani ichukuliwe na Mshale! Mke wangu alikuwa mlangoni, kasikia, kakubali papo hapo.

Jioni Mshale kapita. Kaniuliza, kwa heshima zake zote, kutunga uzi kwenye sindano kunachukua muda gani kujifunza.

Nimemwonyesha. Maskini, anapenda tu kujua mambo.