Doa Jeusi Katika Kamera Zote za Soko Lako

Ndugu Mwenyekiti wa Soko la Vifaa Vilivyotumika,

Kosa wanalofanya watu wengi wanaponunua kamera iliyotumika ni kuitazama sura. Wakiona inang'aa, wanafungua pochi. Lakini kung'aa ni kazi ya kitambaa, na kila muuzaji ana kitambaa. Mimi nimefundisha fizikia hadi kustaafu, kwa hiyo kitambaa hakinibabaishi. Naomba unisome kwa utulivu, maana mwishoni nitakuomba ufunge soko.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, amepata kazi yake ya kwanza: kupiga picha harusi ya Jumamosi hii. Kamera hana. Aliniambia, "Mjomba, wewe ndiye mwenye macho. Nenda ukanichagulie." Akiikosa, kazi itachukuliwa na jirani yake, ambaye ameshaanza kumpigia bibi harusi simu za kumjulia hali. Ndipo nikaingia sokoni kwako, na malalamiko yangu ni haya:

1. Kibanda cha kwanza ni cha kijana mnayemwita Profesa. Niliikagua kamera yake inavyotakiwa. Raba ya mahali pa kushikia haikuwa imebanduka. Vichwa vya skrubu havikuwa na mikwaruzo, kwa hiyo hakuna fundi aliyeifungua. Nilibonyeza kitufe huku nimeisogeza sikioni, nikalisikiliza lile pazia dogo la ndani linalofunguka na kujifunga kwa kila picha, halikusita. Kisha nikafanya jaribio kuu. Niliketi kwenye benchi lililo katikati ya soko, nikapiga picha ukuta mweupe wa duka la dawa, nikaikuza. Juu, upande wa kulia, palikuwa na doa jeusi. Nikamweleza Profesa kwamba kihisi, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, kimeharibika. Akasema, "Mzee wangu, hii ilikuwa ya mwalimu wa chekechea, mtu mpole sana." Sikuona uhusiano.

2. Nilikwenda kibanda cha pili, kwa Mama Betri. Aliniapia, "Baba, hii imetumika mara chache kuliko vikombe vyangu vya wageni." Nikarudi kwenye benchi langu. Doa lilelile, mahali palepale. Nilipomwonyesha, alinitazama mimi kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama picha.

3. Nilimaliza vibanda vyote. Kamera kubwa, ndogo, nyeusi, za rangi ya fedha: doa. Hata ile moja ambayo bado ilikuwa ndani ya plastiki yake ya kiwandani, tulipoifungua na kuijaribu, ilikuwa na doa. Hapo nilielewa, maana mtu wa sayansi haogopi hitimisho. Doa hili linaambukiza.

4. Kwa kuwa linaambukiza, inakuwaje ofisi yako iruhusu kamera zilazwe mezani zikigusana mabega? Nimeona kwa macho yangu kitambaa cha Profesa kikivuka njia kwenda kwa Mama Betri na kurudi bila kufuliwa.

5. Ili nisimwonee mtu, niliazima simu ya mlinzi wa soko, nikaketi benchi lilelile na kupiga ukuta uleule. Doa. Ugonjwa, Ndugu Mwenyekiti, umeshatoka kwenye kamera na kuingia kwenye simu.

Kwa hiyo naomba soko lifungwe. Kila kamera itengwe kwenye mfuko wake. Wauzaji wasipeane mikono. Mlinzi asimpigie mtu yeyote simu hadi wataalamu watakapofika.

Nisalimie karani wako, mama anayefagia ofisi, na mkweo, ambaye nasikia goti lake sasa linakunjika vizuri.

Wako anayelitakia soko afya njema,

Mwalimu mstaafu wa fizikia

N.B. Mpwa wangu ameisoma barua hii, akanishika mkono, akanipeleka mpaka kwenye benchi langu. Aliazima kamera ya Mama Betri, akapiga picha ukuta, akasogea pembeni, akapiga tena. Doa likahama kwenye picha. Doa la kamera lingebaki palepale popote anaposimama. Hili lilikuwa la ukuta. Tulivuka njia tukalitazama kwa karibu. Ni msumari, uliobaki walipoondoa bango. Kamera ameinunua, na Mama Betri amempunguzia bei, anasema ni pole kwa kuwa na mjomba kama mimi. Harusi ipo. Soko lisifungwe. Barua naituma hivyo hivyo, kwa sababu imeandikwa vizuri. Nawe kama kuna kamera unayotaka kuinunua, leo hii piga picha ukuta mara mbili, na mara ya pili usogee.